Injini inamisi: namna ya kuikamata silinda iliyokufa kabla hujafungua hedi

Simama pembeni ya lori la silinda sita likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta) huku silinda moja imekufa, yaani haichomi mafuta. Hata muuza vitunguu wa kando ya barabara atakwambia gari hili linachechemea. Injini ya mipigo minne huchoma mafuta kwenye kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ikizunguka mara 600 kwa dakika, kila silinda inapiga mara 300, yaani mara 5 kwa sekunde. Ikifa moja, sikio linapata mapengo matano kila sekunde, kabini inatikisika, na kioo cha pembeni kinatetemeka hadi huoni kilicho nyuma.

Mlimani hasara inazidi moja ya sita. Silinda iliyokufa haikai pembeni ikawapisha wenzake. Pistoni yake bado inapanda na kushuka, bado inasuguana na ukuta, na zile tano hai ndizo zinazoibeba.

Nimeandika kwa ajili ya dereva, utingo, fundi kijana, na tajiri ambaye kesho atapigiwa simu kuambiwa injini ishushwe. Mfano wangu ni 6D16 ya Fuso, lita 7.5, silinda sita za mstari na pampu ya mstari, kwa sababu kila kitu chake kinaonekana kwa macho. Canter yenye 4D33 ni hadithi ileile kwa silinda nne. Kama gari lako ni la komoni reli (nozeli zote, yaani vipulizia mafuta, zinalishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa) au lina kontroboksi (kompyuta ya injini), ruka kwanza hadi sehemu ya Magari ya kontroboksi, kwa sababu jambo ninalosema ulifanye hapa linaweza kukupeleka hospitali kule.

Kwanza: moja imekufa, au zote zinaumwa?

Mafundi wengi wanaruka hapa. Wanasikia injini inamisi, wanakimbilia nozeli. Lakini hewa kwenye mafuta, filta iliyoziba, au maji kwenye tangi huziumiza silinda zote kwa zamu. Injini inapanda na kushuka yenyewe, inakosa mara hapa mara pale, ukikanyaga mafuta inakabwa. Silinda iliyokufa haibadilikibadiliki hivyo. Pengo lake linarudi palepale, kwa mpigo uleule, kama mtu anayetembea na jiwe ndani ya kiatu.

Basi kabla ya spana yoyote, fungua koki ya chini ya kichuja maji, kinga kwenye kopo, uangalie. Maji hukaa chini na dizeli juu. Bana pampu ya mkono hadi iwe ngumu, legeza skrubu ya kutolea hewa, acha povu litoke lote mpaka mafuta yaje safi, kaza. Kama filta haijabadilishwa tangu tajiri anunue gari, ibadilishe leo. Injini ikitulia baada ya hapo, umemaliza kazi kwa pesa ya filta.

Halafu moshi. Ngoja asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, nenda nyuma. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi na kuchoma macho ni mafuta yaliyoingia yakatoka bila kuungua, na huo ndio moshi wa silinda iliyokufa. Mweupe unaopotea hewani haraka, na rejeta inapungua maji, ni mvuke. Hapo fikiria gasketi ya hedi (kichwa cha injini) au hedi yenyewe iliyopasuka. Wa bluu ni oili. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Ule weupe wa dizeli ukitoka kwa dakika chache tu, kisha injini ikapata moto na kutulia, usifurahi. Maana yake ipo silinda yenye kompresheni (mgandamizo wa hewa) dhaifu, au nozeli isiyopiga ukungu vizuri, ambayo bado inajikongoja. Baridi ya Juni na Julai kule Mafinga na Makambako ndiyo inayoziumbua silinda za namna hiyo. Ukiwa Dar gari litawaka bila neno.

Chomoa na kijiti cha oili ukinuse. Oili iliyopanda juu ya alama, nyepesi, yenye harufu ya dizeli, inasema mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye ukuta wa silinda hadi chini. Injini hiyo isitembee safari ndefu. Beringi zake zinalainishwa na kitu kisicho oili tena.

Pili: legeza nati, usikilize

Hii ndiyo njia ya wazee wetu, na kwa pampu ya mstari haijapata mpinzani. Vaa miwani. Injini iwe sailensa, imepata moto kidogo. Chukua spana inayoenea nati ya paipu ya mafuta pale inapoingia kwenye nozeli (mara nyingi namba 17 au 19), zungushia kitambaa, legeza nusu mzunguko. Mafuta yatatemwa pembeni badala ya kuingia silindani. Sikiliza. Kaza. Nenda ya pili.

Silinda nzima ikinyimwa mafuta, injini inalalamika palepale, mzunguko unashuka na mtikisiko unaongezeka. Iliyokufa ukiilegeza hakuna kinachobadilika. Andika kwa chaki juu ya kifuniko, namba 1 ikiwa upande wa feni, maana ukifika ya sita utakuwa umesahau ya pili. Rudia zoezi zima mara mbili. Kitambaa kikilowa, badilisha, na usiruhusu dizeli itiririkie manifoldi ya egzosi iliyo moto. Utingo asimame na mtungi wa kuzimia moto. Sitanii.

Jibu hili lina zaidi ya ndiyo na hapana. Ukilegeza nati na mlio wa kugonga ukakoma, mgongaji ni nozeli hiyo, hata kama silinda yake haijafa. Ukilegeza na moshi mweupe ukapungua, umempata mvutaji. Na uangalie mafuta yenyewe yanavyotoka. Yanaruka kwa nguvu kama ya wenzake? Basi pampu imefanya kazi yake, tatizo liko mbele: nozeli, valvu, au kompresheni. Yanachuruzika bila nguvu, au hayatoki kabisa? Hapo kosa ni la upande wa pampu: valvu ya kupitishia mafuta imekwama au springi yake imekatika, au plunja, kile kipistoni kinachosukuma mafuta, imeganda. Hiyo ni ya fundi pampu mwenye benchi la kupimia. Kuifungua pampu juu ya turubai kandokando ya barabara ni kununua matatizo.

Plunja zinaganda kwa nini? Kutu ya maji, na mafuta ya kuchakachua. Dizeli ndiyo inayolainisha plunja za pampu ya namna hii, na mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani yake ni makavu. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za siri za kutambua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huohuo. Ila dereva anayenunua dumu la njiani hakuna kinasaba kitakachomwokoa.

Kama hutaki kulegeza nati, au unataka shahidi wa pili, tumia joto. Washa injini ikiwa baridi, iache dakika moja au mbili, kisha pima kila mdomo wa manifoldi ya egzosi kwa kipima joto cha mwanga. Silinda isiyochoma haipashi mdomo wake, na tofauti utaiona bila kubishana na mtu. Huna kipimo? Dondosha tone moja moja la maji kwa vidole. Penye moto linachemka na kutoweka, penye silinda iliyokufa linakaa linakutazama. Fanya mapema, kabla manifoldi haijashika moto mkali. Chuma cha kutupwa kilichopata moto hakipendi maji, na baada ya dakika kumi joto la majirani litakuwa limehamia kwake na kukudanganya.

Tatu: hamisha nozeli kabla ya kununua nozeli

Tuseme namba 4 ndiyo iliyokufa na mafuta yanaruka vizuri. Safisha kuzunguka nozeli kwa hewa, usiangushe mchanga silindani. Toa nozeli ya 4 na ya 3, zibadilishane vyumba, funga, washa, rudia kulegeza nati. Kifo kikihamia namba 3, nozeli ndiyo mbaya. Kikibaki namba 4, nozeli haina hatia na pesa yako iko salama.

Ukitoa nozeli, tazama washa ya shaba. Iliyovuja huacha masizi meusi kupanda shingoni mwa nozeli. Weka mpya kila unapofunga. Ile ya zamani imeshabanwa na imekuwa ngumu. Kisha mulika shimo kwa tochi, kwa sababu washa ya zamani hupenda kubaki chini, na fundi mwenye haraka anaweka mpya juu yake. Nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa, mafuta yanapigwa mahali pasipo pake, na gari linarudi kwako kesho likiwa na moshi zaidi ya jana.

Kwa fundi pampu, nozeli inapimwa kwenye mashine ya mkono. Iliyo nzima inakoroma, inapiga ukungu mwembamba, na ncha inabaki kavu. Inayokojoa, yaani inayodondosha matone, ndiyo adui mkubwa kuliko ile iliyoziba kabisa. Inamwaga mafuta mabichi juu ya pistoni, na ikiendelea kwa mizigo mizito inaweza kuitoboa. Usiweke kidole mbele ya ukungu huo hata kwa mzaha. Mafuta yanapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, na ni dharura ya upasuaji siku hiyohiyo.

Nne: kifuniko cha tapeti, halafu ndipo geji

Vitabu vingi vinakutuma moja kwa moja kwenye geji ya kompresheni. Mimi nafungua kifuniko cha tapeti (kile cha juu kinachofunika mitambo ya valvu) kwanza, na sababu yangu ni lori moja.

Lilikuwa limeteremka Kitonga na mbao za Mafinga, likasimama Ruaha Mbuyuni likichechemea. Fundi wa hapo alikuwa ameshafanya kazi ya maana: amelegeza nati, amegundua ni namba 4, amehamisha nozeli, kifo kimebaki palepale. Akafunga geji, ikasoma karibu sifuri. Akatoa hukumu kwamba ringi za pistoni zimekwisha na injini ishushwe. Tajiri alikuwa Dar anatafuta pesa.

Nikamuuliza dereva gari lilikuwaje juu ya mlima. Akasema lilikuwa zima kabisa. Ndipo nilipopata shaka, kwa kuwa ringi haziendi sifuri kati ya kilele na bonde. Zinachoka kwa miezi, na injini inakula oili kwanza. Tukafungua kifuniko. Pushrodi (fimbo ya kusukumia) ya valvu ya kuingizia hewa ya namba 4 ilikuwa imepinda na kuchomoka chini ya rokaamu, ule mkono unaoifungua valvu. Valvu haifunguki, hewa haiingii, geji itasoma nini? Dereva akakiri baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba kwenye mteremko alirudisha gia mbili kwa mkupuo na injini ikapiga kelele kuliko kawaida. Mzigo uliisukuma krenki kuliko springi za valvu zinavyoweza kufuata. Tukaweka pushrodi nyingine, tukakagua springi na shina la valvu, tukapanga tapeti, mbao zikaendelea na safari. Hedi haikuguswa.

Kwa hiyo: kifuniko wazi, mtu azungushe injini kwa mkono huku wewe unatazama rokaamu moja moja. Zote zipande na kushuka sawasawa. Isiyocheza, inayocheza kidogo, au iliyolegea kupita wenzake, hapo ndipo pa kuchimba. Halafu pima klia (nafasi ya valvu) kwa fila (kisahani chembamba cha kupimia nafasi) injini ikiwa baridi. Kwa 6D16 ni milimita 0.4, valvu za hewa na za egzosi vilevile. Tapeti iliyobana sana inaiacha valvu wazi kidogo injini ikipata moto, kompresheni inavuja na valvu inaungua. Dalili yake ni gari linalowaka vizuri asubuhi na kuanza kumisi likishapata moto.

Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-5-3-6-2-4, hivyo silinda zinakwenda kwa jozi: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Ukitaka kupima tapeti za namba 4, zungusha mpaka valvu za namba 3 zionekane zikipishana, moja inafunga huku nyingine inafungua. Wakati huo za namba 4 ziko huru zote mbili.

Kama juu kuko sawa, sasa leta geji. Betri iwe imejaa, nozeli zote zitoke, mafuta yakatwe, kila silinda ipigwe starta kwa muda uleule. Injini nyingi za dizeli za malori zikiwa nzima husoma kati ya bar 24 na 32, ingawa kauli ya mwisho ni ya kitabu cha injini yako. Ninachokitazama zaidi ni tofauti. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya bar 3 au 4, kuna jambo. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Zote zikiwa chini kidogo, kabla hujalia jiulize uko wapi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na geji ileile kwenye injini ileile itasoma pungufu ya Dar kwa karibu moja ya tano bila injini kuwa na kosa lolote.

Wapo wanaomimina oili silindani ili kujua kama ni ringi. Kwenye dizeli nafasi inayobaki juu ya pistoni ni finyu mno, na oili haigandamiziki. Ukizidisha, unapinda konrodi. Mimi natumia hewa. Silinda iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, valvu zote mbili zimefungwa, gia huru, spana imetolewa kwenye krenki (injini inaweza kujizungusha ghafla ikavunja mkono), kisha ingiza hewa ya kompresa ya bar 5 au 6 kupitia shimo la nozeli, ukae kimya. Inapumulia kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye egzosi, ni valvu ya egzosi. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au pistoni. Povu kwenye rejeta ni gasketi au ufa. Sasa, na si kabla, unaweza kumwambia tajiri kwamba hedi inafunguliwa, na ukamwambia unakwenda kutafuta nini.

Magari ya kontroboksi

Usilegeze nati ya paipu kwenye komoni reli injini ikiwaka. Narudia kwa ajili ya yule aliyeruka hadi hapa. Ndani ya reli kuna shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,600, na linakata ngozi kabla hujasikia maumivu. Injini zenye nozeli-pampu zinazosukumwa na kamshafti, kama Scania na Volvo nyingi za miaka ya nyuma, hazina hata hizo paipu za kulegeza, maana kila kitu kiko chini ya kifuniko.

Kazi ileile inafanywa na mashine ya kupimia. Inaizima silinda moja baada ya nyingine na kukuonyesha ipi ikizimwa haileti tofauti. Soma na kodi kabla hujazifuta. Kwenye malori mengi utakutana na SPN (namba ya sehemu yenye kosa) 651 hadi 656, na tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya nozeli, 651 kwa ya kwanza, 656 kwa ya sita. FMI (namba ya aina ya kosa) 5 inayofuatana nayo inasema umeme haupiti, waya umekatika au plagi imeachia. FMI 6 inasema umeme unapita kupita kiasi, kuna shoti. Kwenye magari yanayotumia kodi za herufi P, misi ya silinda ya 1 hadi ya 6 ni P0301 hadi P0306, na saketi za nozeli ni P0201 hadi P0206.

Kodi ya nozeli haijasema nozeli ni mbovu. Imesema saketi yake ina tatizo. Waya zinazopita chini ya kifuniko zinaogelea kwenye oili ya moto miaka nenda rudi, ganda linakauka na kupasuka, mwisho zinagusa chuma. Zima umeme, pima ukinzani wa nozeli zote, linganisha moja na mwenzake. Usiguse waya hizo injini ikiwaka, zina volti zinazoweza kuzidi 50.

Kama umeme ni mzima, chomoa paipu za marejesho, kila nozeli ipewe chupa yake, washa kwa dakika chache. Inayojaza chupa kuliko wenzake inavuja ndani. Na ukibadilisha nozeli, tazama kichwani mwake kama ina namba za siri zilizochorwa. Kwa injini nyingi lazima ziingizwe kwenye kontroboksi, la sivyo nozeli mpya itamisi kama ya zamani na wewe utaanza kumlaumu muuza spea.

Baada ya kufunga

Rudia kulegeza nati au kuzima silinda kwa mashine, zote, pamoja na zile zilizokuwa nzima. Injini ikilalamika kwa kila moja, funga boneti. Kama gari lilitembea na silinda iliyokufa, mwaga oili na ubadilishe filta yake siku hiyo, hata kama ilibadilishwa juzi. Weka chaki ya namba palepale juu ya kifuniko, tembea kilomita chache bila mzigo, simama, kagua kila nati ya paipu kwa kitambaa kikavu. Ikibaki na unyevu, kaza tena kabla hujaenda kupakia.